Ripoti Nyeupe

Ujumbe wa kifo cha Sista Eliwaza uliingia kwenye simu yangu nikiwa kikaoni Moshi, watu wakibishana juu ya rangi za chati. Niliusoma, nikailaza simu kifudifudi mezani, nikaendelea kusikiliza ubishi ule mpaka ulipojiishia wenyewe. Nimefika umri ambao habari ya msiba haimwinui tena mtu kitini, inamkalisha zaidi. Siku ya mazishi nilipanda basi la asubuhi, nikashuka Same, nikatafuta gari la kunipandisha mlimani. Kule juu ukungu ulikuwa bado haujaondoka kwenye migomba, na turubai lililofungwa uwanjani lilikuwa likidondosha maji kwenye pembe zake. Wanawake walikuwa wakipakua makande kutoka kwenye sufuria kubwa, na mmoja wao, ambaye sikumjua, akanisogezea sahani. "Kula, dada, umetoka mbali," akasema. Nikala nimesimama. Nyuma yangu wazee wawili walikuwa wakizungumza Kipare kwa sauti ya chini, kisha mmoja akahamia Kiswahili kana kwamba anataka na sisi wengine tusikie. "Yule mama alitembea," akasema. Mwenzake akaitikia, "Alitembea mno." Mimi nilijua alikuwa akitembea kwenda wapi, angalau kwa mwaka mmoja, kwa sababu ni mimi niliyekuwa nikimchapishia majina ya watu wa kuwafuata.

Nilifikaje pale si habari ndefu. Nilikuwa na stashahada ya kompyuta kutoka Arusha, na hospitali ile ya mlimani ilikuwa na kompyuta lakini haina mtu wa kuitumia. Wakanipa mkataba wa mwaka mmoja na chumba kilichokuwa stoo ya vitanda vya watoto. Vitanda vingine vilikuwa bado vimepangwa ukutani, rangi yake ya bluu imebanduka, na mimi nilikaa katikati yake na mashine yangu kama mtu aliyesahauliwa wodini. Dirisha lilitazama bonde, na siku ambazo hakukuwa na ukungu niliona barabara kuu kule chini ikipita tambarare, malori yakitambaa kuelekea Hedaru, na nyuma yake nyika ya kahawia isiyokwisha. Ukuta wa upande wa kushoto ulikuwa wa silingibodi, na nyuma yake ndipo ilipokuwa ofisi ya Daktari Kiondo, mganga mkuu. Kila alichosema kwenye simu nilikisikia. Mwanzoni nilikohoa ili ajue kwamba nipo. Baadaye nikaacha, maana hata yeye alisikia kila nilichofanya mimi, mpaka kalamu ikidondoka.

Nililala kwa Sista Eliwaza. Alikuwa muuguzi wa kliniki ya kifua kikuu, mama wa makamo, mjane, mwenye goti moja bovu na kicheko kilichotokea puani. Nyumba yake ilikuwa chini kidogo ya hospitali, jikoni kwake kuna moshi na harufu ya tangawizi, kwa kuwa karibu kila mgonjwa aliyepona alimletea tangawizi naye hakuwa na moyo wa kuikataa. Tulikunywa chai yenye tangawizi kali mpaka macho yanatoka machozi. Jioni alinyoosha goti lake juu ya kigoda na kunisimulia nani alimkimbia leo, nani alijificha shambani, nani alimwambia dawa zinamtia njaa na nyumbani hakuna cha kula. Alisimulia bila hasira, huku anachambua maharage. Nilikuwa kijana, nikidhani uchovu ni kitu kinachompata mtu jioni na kumwacha asubuhi. Sista alikuwa na ule mwingine, ule ambao leo ninao mimi, ambao usingizi hauugusi.

Kazi yangu nilifundishwa na Gerson, kijana wa Mwanga aliyekuwa fundi wa programu ya kumbukumbu za wagonjwa na aliyekuja kutoka makao makuu mjini. Alikaa kwetu siku chache tu, akila kama mtu anayelipiza kisasi na akizungumza haraka mno. Programu ilihifadhi habari zote za kliniki katika waraka mmoja mrefu wa XML, na Gerson alinifungulia waraka ule mbichi, bila rangi wala vitufe, ili niuone ulivyo. Nje kabisa kulikuwa na kliniki. Ndani ya kliniki kulikuwa na wagonjwa, mmoja baada ya mwingine, na ndani ya kila mgonjwa kulikuwa na jina lake, kijiji chake, hali yake na ziara zake. Kila kitu kimefunguliwa kwa jina lake na kufungwa kwa jina lake, hiki ndani ya kile.

"Sasa wewe hutaki kusoma yote haya," alisema Gerson. "Unataka kuambiwa nani hajaja kuchukua dawa. Basi unaandika njia. Unaielekeza mashine ipite wapi, hatua kwa hatua, mpaka ifike kwenye unachokitaka."

Akaandika: /kliniki/mgonjwa[hali='hajaja']/jina. Mkwaju mmoja, ule mstari ulioinama, akaeleza, ni kuingia ndani hatua moja. Ingia kwenye kliniki, ingia kwa kila mgonjwa. Mabano ya mraba ni mlinzi wa mlangoni, anapitisha wale tu ambao hali yao ni hajaja. Halafu ingia hatua ya mwisho, niletee majina. Akabonyeza, na majina yakashuka kwenye kioo. Akanionyesha pia kwamba mikwaju miwili mfululizo maana yake ni tafuta popote pale ndani, hata kama hujui kimekaa wapi. Nilipenda kazi ile. Sijui niseme vipi bila kuonekana mjinga, lakini nilipenda kwamba unaweza kuuliza swali fupi kiasi hicho na kitu kikubwa vile kikakujibu bila kununa. Baada ya Gerson kuondoka nilizichezea njia zile kila nilipopata nafasi. Wagonjwa wote wa kijiji fulani. Ziara ya mwisho ya kila mmoja. Watoto peke yao. Niliwajua watu wa bonde zima kwa majina kabla ya kuwajua kwa sura.

Kila Jumatatu ripoti ilijichapa. Ilikuwa na kichwa, tarehe, mstari mrefu, na chini ya mstari majina ya wale ambao hawakufika. Sista Eliwaza alikuja kuichukua ingali ya moto kutoka kwenye printa, akaisoma kwa kuisogeza mbali na macho. "Huyu tena," alikuwa akisema. "Huyu ni mvivu tu. Huyu hapana, huyu kuna jambo." Kisha aliikunja, akaitia kwenye mfuko wa sare, akatafuta pikipiki ya kumfikisha pale barabara inapoishia. Kutoka hapo alikwenda kwa miguu. Alirudi na nusu yao wiki ile, na waliobaki aliwafuata wiki iliyofuata.

Mmoja ambaye hakuwahi kutokea kwenye ripoti ile ni Nasieku. Alikuwa mwanamke kijana wa kifugaji kutoka tambarare, ameolewa kwenye boma moja upande wa pili wa barabara kuu, na alikuja na mama mkwe wake kila walipotakiwa kuja, hata mvua inyeshe. Wakisubiri dawa walikaa kwenye benchi chini ya dirisha langu. Nasieku aliimba kwa sauti ya chini, kwa Kimaasai, huku anashona shanga. Alikuwa na sikio la ajabu. Nikigusa tu komeo la dirisha, kabla sijalifungua, tayari amegeuza kichwa. "Shikamoo," alinisalimu mara ya kwanza, nikacheka, maana tulilingana umri au nilimpita kwa miaka michache. "Mimi si mkubwa wako," nikamwambia. Akasema, "Mtu anayekaa na mashine ni mkubwa." Tangu siku hiyo tukawa tunasalimiana kwa majina, yeye Nasieku, mimi Namkunda.

Masika ilipoanza, makao makuu walituma toleo jipya la programu. Gerson alilisimika akiwa huko huko mjini, kwa kuingia kwenye mashine yangu kupitia mtandao, na mimi nikatazama mshale ukitembea peke yake kwenye kioo. Jumatatu iliyofuata ripoti ikatoka kama kawaida, kichwa, tarehe, mstari. Chini ya mstari hapakuwa na kitu.

Sista Eliwaza aliigeuza nyuma kuona kama majina yamechapwa upande wa pili. "Hakuna mtu?" akaniuliza.

"Hakuna, Sista."

"Hata mmoja?"

Nikaitazama mashine. Haikuwa imelalamika. Taa ya kijani ilikuwa inawaka, programu ilikuwa imeandika kwamba kazi imekamilika. "Wote wamekuja," nikasema. Sista akaketi kwenye ukingo wa kitanda kimoja cha watoto, akasugua goti. Ilikuwa wiki ya matope mabaya, njia ya kwenda kwenye mashamba ya tangawizi imekatika. "Mungu amenionea huruma," akasema, naye alimaanisha.

Wiki ya pili ikawa vile vile, na ya tatu. Kwenye sala ya asubuhi Daktari Kiondo alisimama mbele ya wafanyakazi wote, mtu mrefu mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi, akainua ile karatasi nyeupe juu. Alisema kazi ya miaka imezaa matunda, kwamba hakuna tena mgonjwa wa kifua katika eneo letu anayeacha dawa, na kwamba habari hii ameshaituma mkoani. Tulipiga makofi. Sista Eliwaza alilia kidogo. Jioni ile alichinja kuku, tukala mimi na yeye na jirani, na nakumbuka alinisifu mbele ya jirani, akisema huyu mtoto na kompyuta yake wamenipumzisha. Kupitia silingibodi nilimsikia Daktari akimsimulia mtu kwenye simu kwa sauti ya mtu aliyekunjua mgongo baada ya kulima kutwa nzima. Leo nikikumbuka furaha ile simlaumu yeyote. Watu waliochoka wakiambiwa wapumzike hawaulizi nani amesema.

Mvua zilipopungua nilishuka Hedaru siku ya gulio kununua kandambili na kitenge. Vumbi lilikuwa limeanza tena. Nilikuwa nachagua vitenge kwenye turubai la mfanyabiashara mmoja niliposikia kikohozi nyuma yangu, kile cha ndani kabisa, ambacho baada ya miezi pale hospitalini hata mimi nilikuwa nimekijua. Nikageuka. Nasieku alikuwa ameketi juu ya gunia tupu pembeni ya duka, shuka limemfunika mpaka mdomoni. Mashavu yalikuwa yameingia ndani. Shanga za shingoni zilikuwa zimelegea zikilala juu ya mifupa.

"Nasieku! Unaumwa?"

"Namkunda." Alitabasamu. "Kidogo tu. Ni vumbi."

"Lini umekuja kuchukua dawa? Mbona sijakuona?"

Akahesabu kichwani. Walihamisha ng'ombe mvua zilipoanza, akasema, wakaenda mbali, na mama mkwe akaugua mguu, hakukuwa na wa kumsindikiza. Alikuwa ameacha tangu mwanzo wa masika. "Nilijua atakuja yule mama wa goti," akasema. "Alisema mtu asipokuja, yeye atamfuata. Nikamngoja. Sasa tunahamia Bendera kwa shemeji yangu, ana malisho." Nikamwambia asiende popote, apande basi na mimi sasa hivi. Akatazama upande walipokuwa wanaume wa kwao wakikusanya mbuzi, akatikisa kichwa. Hakuweza kuamua peke yake, na mimi sikuwa mtu wa kusikilizwa na wale wanaume. Nikamsihi, nikamwandikia namba ya simu ya hospitali kwenye kipande cha boksi. Walipomwita akainuka kwa kujishikilia ukuta.

Nilirudi mlimani bila kitenge. Safari nzima nilikuwa na swali moja, kwa nini jina la mtu aliyeacha dawa tangu mwanzo wa masika halikutokea hata mara moja. Nilipofika niliingia moja kwa moja kwenye chumba changu na kuandika ile njia kwa mkono, herufi kwa herufi, kama alivyonifundisha Gerson. Hakuna kitu. Nikatoa mabano, nikauliza wagonjwa wote tu, wenye hali yoyote. Hakuna kitu. Nikaweka mikwaju miwili, //mgonjwa, yaani mgonjwa yeyote popote alipo ndani ya waraka huu. Mashine ikafikiri kidogo, ikajibu kwa utulivu kwamba ni sifuri. Kliniki nzima, watu niliowaona kwenye benchi asubuhi ile ile, mashine inasema hakuna mgonjwa hata mmoja duniani.

Nikampigia Gerson. Nikamsomea nilichoandika.

"Ah," akasema. "Fungua waraka wenyewe. Soma mstari wa juu kabisa."

Kwenye neno la kliniki, pale linapofunguliwa, kulikuwa kumeongezwa maneno marefu yanayofanana na anwani ya mtandao.

"Hilo ni kama jina la ukoo," Gerson akasema. "Toleo jipya limeweka ukoo juu, basi kila kilichomo ndani kimerithi. Mgonjwa si mgonjwa tu tena, ni mgonjwa wa ukoo ule. Njia ya zamani inauliza mgonjwa asiye na ukoo. Hayupo. Walitakiwa wabadilishe na ripoti, nadhani walisahau."

"Mbona mashine haikusema kuna kosa?"

"Iseme kosa lipi? Umeuliza kama kuna kitu, ikakujibu hakuna. Kwake hilo ni jibu zuri tu."

Akaniambia namna ya kumtaja mgonjwa pamoja na ukoo wake. Nikaandika njia upya. Majina yakaanza kushuka. Yakajaza kioo, nikateremsha, yakajaza tena. Nasieku alikuwemo. Walikuwemo watu wa mashamba ya tangawizi, wa vijiji vya juu, wa tambarare, wote wakiwa na neno lile lile mbele ya majina yao, hajaja, hajaja, hajaja, na walikuwa humo siku zote, wiki zote zile tulipokuwa tunapiga makofi.

Nilikwenda kugonga mlango wa Daktari Kiondo. Alikuwa anakula chakula cha mchana kilichochelewa, mezani kwake, ugali na mchicha, bakuli limewekwa juu ya magazeti ya zamani. Alisikiliza mpaka mwisho. Aliuliza, "Una uhakika?" Nikamwambia ninao, nikaweka karatasi nilizochapa mbele yake. Alizisoma zote, ukurasa kwa ukurasa, chakula kikipoa. Nilitegemea hasira. Nilikuwa nimejiandaa kwa hasira. Badala yake alivua miwani, akaufungua ule uzi na kuanza kuufunga upya, polepole.

"Nilisimama mbele ya watu," akasema, si kwangu hasa. "Nikasema hakuna." Kisha akainuka. "Mwambie Eliwaza achukue gari la hospitali. Siyo pikipiki. Gari. Na wewe uende naye, unajua hayo majina."

Nilikuwa bado kwenye korido nilipomsikia akiinua simu, na nilipoingia chumbani kwangu sauti yake ikanifuata kupitia ukutani. "Hapana, mheshimiwa, si kwamba wameacha dawa sasa. Walikuwa wameacha tangu wakati ule. Ndiyo. Ndiyo, naelewa kwamba imeshasomwa. Naomba ifutwe. Hapana, sitasubiri mpaka baada ya ziara ya wageni." Nikasikia kiti kikisogezwa. "Basi andikeni kwamba kosa ni langu." Miezi michache baadaye alihamishiwa kituo kidogo, mbali sana na kwao. Hakuna aliyetuambia sababu.

Sista Eliwaza nilimkuta jikoni kwake. Nilipomweleza alikuwa akikata mboga. Aliweka kisu chini. "Nilikuwa nashukuru, Namkunda," akasema. "Kila Jumatatu nilikuwa nashukuru kwa ajili ya goti langu." Akafunga kanga kiunoni, akavaa viatu vya kazi. Hiyo ndiyo picha yake niliyoibeba miaka yote, na ndiyo iliyonijia pale chini ya turubai nikiwa na sahani mkononi: mwanamke mzito akiinama kufunga kamba za viatu, akipumua kwa shida.

Tulizunguka kwa majuma. Gari lilitufikisha lilipoweza, kisha tukapanda kwa miguu kati ya migomba na kahawa, tukiuliza nyumba kwa nyumba. Wengi tuliwapata. Wengine walicheka kwa aibu, wakachukua dawa zao, wakaahidi. Wengine walikuwa wameanza kukohoa upya. Kwenye bonde moja la tangawizi tulimpata Mzee Ombeni, mtu wa makamo, mkulima, amekaa kwenye ngazi ya nyumba yake juani na blanketi begani. Sista alimwamkia kwa Kipare, wakasalimiana kirefu, wakaulizana habari za nyumba zote mbili, kisha akamuuliza kwa Kiswahili, ili na mimi nisikie, kwa nini aliacha dawa.

Mzee Ombeni alimtazama kwa mshangao. "Lakini Sista, ni wewe."

"Mimi vipi?"

"Zamani nikikosa siku moja tu, wewe huyo, unapanda mpaka hapa na goti lako. Safari hii nilikosa, nikakaa nakungoja. Hukuja. Nikakosa tena, hukuja. Nikamwambia mke wangu, basi nimepona. Sista angekuwa ananidai bado, angekuja."

Mkewe, aliyekuwa anamenya ndizi mlangoni, akasema, "Tulifanya ibada ya shukrani." Hakusema kwa ubaya. Sista Eliwaza aligeuza uso, akatazama mashamba. Mzee Ombeni alikubali kurudi hospitalini na alimeza dawa zake kwa utii mpaka mwisho, lakini kifua kilikuwa kimekwenda mbali. Alifariki kabla ya mvua za vuli. Tulikwenda kuzika, na mkewe alitukalisha mahali pa wageni wa heshima. Sijawahi kula chakula kigumu kushuka kama kile.

Nasieku tulimpata Bendera, baada ya kukosa mara mbili. Boma la shemeji yake lilikuwa mbali na nyumba za wakulima, na mama mkwe, aliyekuwa sasa anatembelea fimbo, alitutokea mlangoni. Nilimwamkia. Aliitikia, marahaba, kisha akamkabili Sista. "Mlikuwa mnamtafuta wapi?" akauliza. Sista hakuanza kumweleza habari za kompyuta. Alisema, "Hatukumtafuta, mama. Tulidhani yupo salama. Nisamehe." Yule bibi akatupisha. Nasieku alikuwa amelala juu ya ngozi, mwepesi kiasi kwamba mimi na Sista tulimbeba wenyewe hadi kwenye gari, na safari hii wanaume hawakubisha.

Vipimo vilionyesha kwamba ugonjwa ulikuwa umegeuka sugu, dawa za kawaida haziuwezi. Akapelekwa hospitali kubwa ya kifua, mbali, kwa sindano za kila siku. Sista Eliwaza alimpigia simu muuguzi wa huko mara kwa mara, akiwa amesimama uwanjani kwake pale mtandao unaposhika, na baada ya kila simu aliingia ndani akasema, "Bado yupo." Hilo tu. Tukanywa chai. Nami Jumatatu niliendelea na ripoti, ila sasa kabla ya kuuliza nani hajaja, niliuliza kwanza wagonjwa wote ni wangapi, na kama jibu halikufanana na mafaili ya karatasi kabatini, sikuchapa kitu. Naendelea kufanya hivyo hadi leo. Vijana ninaofanya nao kazi Moshi wana zana za kisasa kuliko XML yetu ile, na wananiona mzee msumbufu. Nikioneshwa sifuri huwa nauliza, umeuliza nini hasa, hebu nisomee. Wanapumua kwa nguvu, wananisomea. Inachosha kuwa mtu huyo. Siku hizi jioni nakaa garini kwa muda mbele ya nyumba yangu kabla ya kupata nguvu za kushuka.

Mkataba wangu ulikuwa unaelekea ukingoni Nasieku aliporudishwa kwetu kumalizia matibabu karibu na nyumbani. Sikuwa nimeambiwa siku. Nilikuwa nimejiinamia mezani asubuhi nilipochungulia dirishani na kumwona kwenye benchi, mama mkwe pembeni yake. Alikuwa amenenepa. Uso umerudi. Alikuwa na shanga mapajani na uzi mdomoni. Nilisukuma dirisha likagonga ukuta. Hakugeuka.

"Nasieku!" nikaita.

Aliendelea kushona. Nikaita tena, kwa nguvu zaidi, mpaka watu wa mwisho wa benchi wakaniangalia, na mama mkwe akainua uso wake kuelekea dirishani. Aligusa sikio lake kwa kidole, akatikisa kichwa. Zile sindano zilizomwokoa zilikuwa zimechukua masikio yake yote mawili. Daktari mpya alikuja kunieleza baadaye kwamba hutokea, kwamba huko walijua inaweza kutokea, na kwamba hapakuwa na dawa nyingine ya kuchagua.

Niliita mara ya tatu, sijui kwa nini. Kisha nikaacha mashine ikiwa wazi, nikapita kati ya vitanda vya watoto, nikatoka nje, nikazunguka jengo mpaka kwenye benchi. Nilichuchumaa mbele yake nikamshika bega. Akashtuka, akaniona, akautoa uzi mdomoni, akanitaja jina kwa sauti kubwa mno, sauti ya mtu asiyeisikia sauti yake mwenyewe, na watu wa benchi lote wakageuka.